Pikapu ya Umeme na Pikapu ya Petroli

Miongoni mwa maswali yanayotufikia siku hizi kutoka kwa jamaa zetu wa Dodoma, Kondoa, Kongwa na Singida, liko moja ambalo limerudi mara nyingi hata tukaona haifai kulinyamazia. Jamaa hawa ni wakulima wa zabibu na alizeti, wauza nafaka, mafundi wa ujenzi na wenye maduka. Wamekusanya fedha zao kidogo kidogo, na sasa wataka kununua pikapu. Vijana wao wawaambia: "Baba, nunua ya umeme, petroli ni mambo ya jana." Wazee nao wajibu kwamba hawajamwona fundi wa gari la umeme hata mmoja mtaani kwao, basi likiharibika watamwita nani? Wauliza sisi twasemaje.

Twapenda kusema kwanza kwamba jambo hili si la kufanyiwa ushabiki kama wa mpira. Fedha inayonunua pikapu katika nyumba zetu aghalabu ndiyo ile ile iliyokuwa iwe karo za watoto, au mahari ya kijana, au akiba ya Hija ya wazee. Ikiwekwa mahali pabaya haiwi hasara ya mtu mmoja. Kwa hivyo tutalitazama swali hili kwa hesabu, na msomaji atuvumilie kwa kuwa tarakimu zitakuwa nyingi kidogo.

Pikapu za umeme zipo, wala si hadithi. Isuzu wanaunda D-Max ya umeme, na Toyota wametoa Hilux ya umeme. Kule Marekani kampuni ya Ford iliuza kuanzia mwaka 2022 pikapu kubwa ya umeme iitwayo F-150 Lightning, ikasifiwa sana. Lakini mwezi wa Desemba 2025 kampuni hiyo hiyo ikatangaza kuacha kuiunda vile ilivyokuwa, na kwamba itakayoifuata itakuwa na injini ya petroli ndani yake ya kuitilia betri nguvu njiani. Twaitaja khabari hii kwa kuwa vijana wetu wengi wameisikia sifa, na hawakuisikia sehemu ya pili. Wala haina maana kwamba umeme umeshindwa. Maana yake ni kwamba pikapu kubwa, inayobeba mzigo mzito na kwenda mbali, ndiyo chombo kigumu kuliko vyote kukigeuza kiwe cha umeme. Ndiyo sababu hapa Tanzania vyombo vya umeme vilivyoenea kwanza ni pikipiki na bajaji, ambazo huzunguka mjini na usiku hulala nyumbani.

Sasa tuje kwenye gharama. Injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya mafuta kwa kuwa joto, nawe walisikia joto hilo ukiweka mkono juu ya boneti. Mota ya umeme haipotezi hivyo. Pikapu ya petroli yenye mzigo wa kadiri hula, tuseme, lita 11 kwa kila kilomita 100. Bei ya mafuta hubadilika, na EWURA hutangaza bei ya kikomo kila mwezi. Sisi tutachukua shilingi 2,900 kwa lita ili tupate kuhesabu, na msomaji aweke ya mwezi wake. Basi kilomita 100 ni karibu shilingi 32,000. Pikapu ya umeme ya kiasi cha D-Max itataka kama uniti 30 za LUKU kwa mwendo ule ule, pamoja na zile zinazopotea wakati wa kutia. Uniti moja kwa mtumiaji wa kawaida, kodi na tozo zikiwamo, ni shilingi 350 na kitu. Hiyo ni karibu shilingi 11,000. Tofauti ni shilingi 21,000 katika kila kilomita 100, na tofauti hiyo si ndogo hata kidogo. Hapo vijana wana haki ya kujisifu.

Ila vijana huishia hapo. Tuendelee mbele.

Mtu mmoja ana duka la saruji na mabati mjini Dodoma. Kila siku pikapu yake yatoka dukani kwenda Nzuguni, Ihumwa, Mtumba kwenye Mji wa Serikali, mara nyingine Chamwino, na jioni yarudi. Tuseme kilomita 80 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Huyu ataokoa kama shilingi 437,000 kwa mwezi, nayo ni zaidi ya milioni 5 kwa mwaka. Mtu wa pili ni mkulima wa Kondoa. Gari lake laenda Dodoma mara moja kila wiki mbili likiwa na mzigo, na siku nyingine latembea kijijini tu. Kilomita 700 kwa mwezi zamtosha. Huyu ataokoa shilingi 147,000 kwa mwezi, yaani haifiki milioni 2 kwa mwaka.

Pikapu ya umeme huzidi bei ya mwenzake. Kule Uingereza D-Max ya umeme ilipotoka iliizidi ile ya dizeli kwa zaidi ya thuluthi ya bei. Tuseme kwa mfano tu kwamba kwetu tofauti ni shilingi milioni 30. Mwenye duka la saruji atairudisha katika muda wa miaka 6. Mkulima wa Kondoa atahitaji miaka 17. Na dhamana ambayo waundaji wengi hutoa kwa betri ni miaka 8. Msomaji aiweke miaka 8 hiyo katikati ya 6 na 17, ataliona jambo lenyewe bila ya sisi kumweleza zaidi.

Hivyo ndivyo gari la umeme lilivyo: humlipa yule atembeaye sana. Lakini atembeaye sana kwa kwenda mbali hulishindwa kwa jambo la pili, nalo ni masafa. D-Max ya umeme ina betri ya uniti karibu 67, na kwa kipimo cha waundaji yaenda kilomita 263. Kipimo hicho si cha gari lililosheheni magunia ya alizeti likipanda vilima vya Kolo. Wale wa Marekani waliojaribu kuifungia Lightning tela zito waliona mwendo wake ukipungua hata ukafika nusu. Kondoa hadi Dodoma ni kiasi cha kilomita 160, kwenda na kurudi 320. Basi mkulima wetu hatoki Kondoa akarudi siku moja bila ya kutia umeme Dodoma. Atautia wapi, na kwa muda gani? Kwa soketi ya kawaida ya ukutani betri hiyo hujaa kwa saa 24 hivi, mchana na usiku. Kwa kifaa maalumu cha nyumbani cha kilowati 7 ni saa 10 au zaidi. Mwenye petroli hujaza tangi kwa dakika 5 na kuondoka. Dodoma hadi Singida ni kilomita 240 hivi, na Dodoma hadi Morogoro au Iringa ni kiasi cha 260 kila upande. Nyanda zetu hizi za kati zina umbali, na miji imeachana. Mtu wa Unguja akituuliza swali hili tungemjibu vingine, maana kisiwa chake chote kutoka kaskazini hadi kusini hakifiki kilomita 100.

Anayelipwa na umeme, basi, ni mwenye safari nyingi zilizo fupi. Mwenye safari chache zilizo ndefu hakulipi, na mwenye safari nyingi zilizo ndefu humkwamisha njiani. Kabla ya kwenda kwa muuzaji yeyote, mwenye nyumba achukue daftari aandike kwa mwezi mzima gari analolitumia sasa, au la kukodi, limekwenda wapi kila siku, kilomita ngapi, na limelala wapi. Wengi watashangaa. Tumewajua watu waliosema kwamba wao "husafiri kila mara", na daftari likaonyesha safari mbili za mbali kwa mwezi. Mtu wa namna hii pengine yamfaa kuwa na gari la mjini na kukodi fuso mara mbili.

Liko jambo la nyumbani ambalo wauzaji hawalitaji, na akina mama ndio watakaoliona kwanza. Nyumba nyingi zetu za kawaida zimo katika daraja la watumiaji wadogo, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao huuziwa uniti kwa shilingi 100 kabla ya tozo. Gari la yule mwenye duka litakunywa zaidi ya uniti 600 kwa mwezi. Likitiwa kwenye mita ile ile, nyumba nzima yahamia daraja la pili ambalo uniti ni shilingi 292 kabla ya kodi. Taa, friji na pasi, ambazo hazikubadilika kwa lolote, zitapanda gharama karibu mara tatu. Kwa hivyo atakayeamua kununua aende kwanza ofisi ya TANESCO aulize kama aweza kupewa mita ya peke yake kwa ajili ya gari.

Na kwa kuwa tumetaja mita, tumesikia pia ya vijana wanaotia umeme pikipiki zao msikitini baada ya swala ya alfajiri. Umeme wa msikiti hununuliwa kwa sadaka za waumini, kwa ajili ya taa na pampu ya udhu. Asiyepewa idhini na wasimamizi, na asiyelipa alichokitumia, na alipe.

Wazee husema kwamba umeme hukatika. Kweli, hukatika. Mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 tulikuwa katika mgao nchi nzima. Tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji kuanza kuwashwa Februari 2024, hali imekuwa nyingine. Bwawa hilo lina uwezo wa megawati 2,115, na treni ya umeme yaja Dodoma kutoka Dar es Salaam tangu Julai 2024. Lakini wazee wasisahau kwamba petroli nayo hukatika. Katikati ya mwaka 2023 watu walipanga foleni vituoni na wengine wakarudi na madumu matupu. Mwezi wa Agosti 2022, kwa sababu ya vita vilivyokuwa Ukraine, bei ya petroli ilivuka shilingi 3,400 hata pale Dar es Salaam bandarini. Mafuta yote tunayoyatumia hununuliwa ng'ambo kwa dola, na mkulima wa Hombolo hana neno juu ya bei ya dola wala vita vya watu. Umeme walau ni wetu, kwa maji yetu na gesi yetu. Kwa upande wake maji hayo hutegemea mvua, na katika nchi kavu kama yetu mwaka mbaya waweza kumkosesha mtu mazao na umeme kwa pamoja. Hapa hatuoni kwamba upande mmoja umemshinda mwenzake.

Tunaloliogopa zaidi ni fundi na vipuri. Wazee wa Kongwa watatuelewa upesi. Mwaka 1947 Waingereza walianza pale mpango mkubwa wa kulima karanga, wakikusudia zaidi ya ekari milioni 3 katika nchi hizi. Matrekta yaliletwa kwa mamia, mengine ni mabaki ya vita. Udongo wa Kongwa, ambao mkulima wa Kigogo huujua tangu utoto, ukakauka wakati wa kiangazi ukawa kama tofali lililochomwa, majembe yakavunjika juu yake. Mvua haikunyesha kama ilivyoandikwa makaratasini, vipuri vikachelewa, na mitambo mingi ikalala porini ingali mipya. Mwaka 1951 mpango ukafungwa, na pauni milioni 36 hivi zimekwisha potea. Mitambo ile haikuwa mibaya mahali ilikoundwa. Ililetwa katika udongo ambao hakuna aliyeuuliza, na mahali ambapo hapakuwa na wa kuitengeneza ilipoharibika.

Pikapu ya petroli ya Kijapani, haidhuru iharibikie Bahi au Manyoni, hupatikana kijana chini ya mwembe mwenye spana na nusu ya vipuri. Gari la umeme huharibika mara chache zaidi, hili ni la kweli: halina oili ya kubadilisha, wala plagi, wala klachi, wala ekzosi. Lakini likiharibika, fundi wake yuko mbali na kompyuta yake, na betri yake haifunguliwi na mtu asiyefundishwa, kwa kuwa umeme ulio ndani yake huua. Yafaa vijana wetu walio katika vyuo vya ufundi waione nafasi hii. Aliye wa kwanza kuijua kazi hii hapa Dodoma hatakosa wateja. Kwa leo, mnunuzi asiyepata kwa maandishi jina la karakana itakayolishughulikia gari lake, na mji ilipo, angoje.

Baadhi ya wasomaji wameuliza pia juu ya gesi asilia, ile ya Songosongo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kufika Dar es Salaam mwaka 2004. Gari la petroli hufungiwa mtungi na vifaa vyake, likatumia gesi na petroli kwa zamu. Kilo moja ya gesi imekuwa ikiuzwa kwa kiasi cha shilingi 1,550, nayo hufanya kazi ya petroli lita moja na nusu hivi, kwa hivyo nafuu yake ni kubwa. Vituo vingi vya kujazia, hata hivyo, viko Dar es Salaam na Pwani, na mtungi hula nafasi ya mzigo katika bodi. Mwenye kwenda Dar es Salaam kila wiki alifikirie. Mkaaji wa Mpwapwa atazame kwanza kituo kilicho karibu naye ni kipi.

Twaja kwenye yale yanayotupasa khasa sisi kuyasema. La kwanza ni kununua gari la umeme lililokwisha tumika. Wengi wetu hununua magari yaliyotumika, na betri iliyotumika haijulikani kwa macho. Rangi yaweza kung'aa na viti vikawa vipya, na betri imebaki na nusu ya nguvu zake. Bei ya betri mpya yaweza kukaribia bei uliyonunulia gari zima. Uchovu wa betri ni aibu ya bidhaa, na sheria yetu yamtaka muuzaji aitaje aibu aijuayo. Akiificha, mnunuzi ana khiyari ya kulirudisha gari. Lakini ni heri kuzuia ugomvi kuliko kuupeleka kwa kadhi. Mnunuzi adai kipimo cha betri kilichochapishwa kutoka ndani ya gari lenyewe, na kisha alijaze na kulitembeza kilomita 100 kabla ya kutoa fedha, atazame imepungua kiasi gani. Asiyekubali kulitembeza ameshajibu.

La pili ni mkopo. Kwa kuwa pikapu ya umeme ni ghali mwanzoni, wengi watashawishiwa kukopa. Riba hukmu yake yajulikana, hatuna haja ya kuirudia. Njia ya murabaha ipo, ambayo benki hulinunua gari kwanza, ikalimiliki, kisha ikakuuzia kwa bei inayojulikana kwa awamu. Amana Bank yafanya kazi tangu mwaka 2011, na benki nyingine zimefungua madirisha ya namna hiyo. Lakini kuwa jambo ni halali si kusema kwamba ni rahisi. Faida ya benki yaongeza bei ya gari, nayo lazima iingie katika ile milioni 30 tuliyoihesabu. Tofauti ikipanda kuwa milioni 40, hata mwenye duka la saruji atangoja karibu miaka 8, na betri yake itakuwa yamaliza dhamana.

Basi ukitutaka tuseme wazi, twasema hivi. Wakulima wa Kondoa, Mpwapwa na Manyoni, na wenye kupeleka mzigo Arusha au Dar es Salaam, wanunue petroli au dizeli kwa sasa, iliyotumika vizuri, kwa fedha taslimu, na tofauti waiweke katika pampu ya maji au shamba. Wenye biashara za mjini Dodoma, ambao gari lao hulala uani kwao kila usiku na halitoki kilomita 100 kwa siku, wanalo jambo la kufikiri, na wala tusiwacheke vijana wao. Kwa hawa umeme waweza kuwa na nafuu ya kweli, ikiwa wanalo fundi na wanayo fedha bila ya deni zito.

Watakaoamua hivyo waanze na nyumba kabla ya gari. Nyaya za nyumba zetu nyingi zilifungwa kwa ajili ya taa, redio na pasi, wala hazikukusudiwa kubeba mzigo mzito kwa saa 10 mfululizo kila usiku watu wakiwa wamelala. Aitwe fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, atazame waya kutoka kwenye mita hadi uani, aweke waya mnene wa peke yake na swichi yake ya kukata, na atazame kama waya wa ardhini wafika ardhini kweli. Katika udongo wetu mkavu wa miezi ya kiangazi, waya huo mara nyingi haufanyi kazi yake, nao ndio unaowalinda watoto wanaoligusa gari likiwa linajazwa.